Herufi Moja Mlangoni

"Bibi," nilisoma, kisha nikanyamaza.

Hilo tu. Neno moja, na baada yake kimya. Sura hii yote imo ndani ya kimya hicho, baina ya neno nililolitamka na neno lililokuwa likiningoja mbele yake, na mwenye haraka anaweza kuruka mpaka mwisho. Wapo wasomaji wa namna hiyo, siwalaumu. Mama Mdogo Hidaya huwaita waomba moto. Zamani mtu alikwenda kwa jirani kuomba kaa la kuwashia jiko, na kwa kuwa kaa halingoji, alirudi mbio bila kuketi. Basi hata leo mgeni akiaga kabla kiti hakijapata joto huulizwa: mwenzetu, umekuja kuomba moto? Mimi nimeulizwa hivyo na Mama Mdogo kila nilipomtembelea, miaka yote ya kazi na safari zangu, na kila mara nilicheka nikaondoka.

Safari hii niliketi. Daktari alikwisha sema alichosema, na ndugu walikwisha itana. Mama Mdogo alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, pumzi fupi fupi, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho hata akawa ananijua kwa sauti tu. Dirishani jua la alasiri liliingia bila hodi. Watu walimwuliza anataka nini, uji, supu, kisomo. Akawaambia kisomo wamwekee akiba, watakihitaji baadaye, wakatoka wakifuta macho na yeye akibaki anacheka. Kisha akanigeukia.

"Sikujua, nisomee kile kitabu cha kijinga. Mpaka mwisho, usinirukie hata mstari."

Sikujua ndilo jina langu. Mamangu alipoambiwa ana mimba alisema "sikujua," watu wakacheka, na jina likaningoja mpaka nilipozaliwa. Halijapata kunidanganya.

Kitabu chenyewe ni *Mashavu na Kijinga cha Moto*, cha watoto, chembamba, chenye picha chache za wino. Watoto wa mtaani kwetu walilicheka jina lake, maana hawakujua kwamba kijinga ni ukuni unaowaka upande mmoja, wakadhani ni habari ya moto mpumbavu. Hadithi si ngumu. Mvua imenyesha mpaka majiko yote yamezimika. Bibi anamtuma mjukuu wake Mashavu akaombe moto nyumba ya mbali, ng'ambo ya mabonde. Mashavu anakwenda, na kila mlango anaobisha anadaiwa kitu kwanza: hapa wimbo, pale kicheko, pale kivuli chake. Anatoa vyote. Anapewa kijinga, anarudi nacho mvuani amekikinga kwa gae la chungu, na kitabu kinaishia kwa sentensi mbili tu. Bibi fulani mlangoni, akimngoja. Mashavu akaingia, akawasha jiko.

Nimeandika "fulani" badala ya neno lenyewe kwa sababu hapo ndipo niliponyamaza.

Mama Mdogo alianza kunisomea kitabu hicho mwaka aliofariki mamangu. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Nilikaa mapajani pake, nikiutazama mdomo wake kuliko kurasa, na kila tulipofika mwisho alisoma polepole: "Bibi alikuwa mlangoni, akimngoja." Alikuwa. Nilivuta pumzi hapo, kila mara, ingawa nilijua atakuwepo. Mtoto hapendi hadithi kwa kuwa haijui. Anaipenda kwa kuwa anaijua na bado inatokea. Baadaye kitabu kikaazimwa, na kitabu kikiazimwa huolewa, hakirudi kwao. Nilichokishika siku hiyo nilikikuta kwa muuza vitabu vikuukuu, juu ya turubai, katikati ya vitabu vya hesabu. Nilikibusu mbele za watu. Sikukifungua njiani. Nikifungue cha nini, nami nakijua kwa moyo?

"Bibi," nilisoma. Na jicho, ambalo siku zote huutangulia ulimi, likaliona neno linalofuata.

Alikufa.

*

Ili nieleweke lazima kwanza nieleze habari ya shuka.

Mwaka uleule, mvua za vuli zilipokatika, sinema ya Mashavu ililetwa kwetu na gari lenye jenereta. Shuka jeupe lilifungwa kwenye milingoti ya goli la uwanja wa mpira, na mtaa mzima ukaketi mbele yake na mikeka yao. Sisi tulichelewa. Mama Mdogo alioga, akajifukiza udi, akavua baibui akavaa jingine, nami nikilia mlangoni. Tulipofika hapakuwa na nafasi hata ya kutia kidole. Tukakaa nyuma ya shuka, upande ambao picha hupenya lakini kila kitu ni kinyume: kulia ni kushoto, maandishi yanaanzia mwisho, na Mashavu anashika moto kwa mkono wa kushoto.

Nikanung'unika. Mama Mdogo akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Wale wa mbele ni wageni. Huku nyuma ndiko wanakoishi wenyewe."

Nilimwamini, na ninamwamini mpaka leo. Sinema ile niliipenda kwa namna ambayo mwili unapenda maji. Msichana aliyeigiza alikuwa na mwanya, na mvua yake ilinyesha kwa nguvu hata watu wa mbele wakakunja mikeka. Palikuwa na mbuzi! Kitabuni hamna mbuzi, lakini wale waungwana walimtia mbuzi mweupe aliyemfuata Mashavu toka bonde la kwanza, akila kila alichokuta, na tangu siku ile sijaweza kuisikia hadithi bila kusikia kwato zake. Ahsante kwa mbuzi. Sijui ni nani aliyemfikiria, amekufa au yu hai, lakini kama maneno haya yatamfikia, ahsante.

Kisha Mashavu akapinda kona ya mwisho, na bibi yake ameketi mlangoni, kichwa kimeegemea mwimo, macho yamefumbwa. Akamwita. Akamwita tena. Muziki ukakoma, tukabaki na mlio wa jenereta.

Nililia kilio ambacho watu wa mbele walikitafuta wakaona shuka tu. Mama Mdogo akanibeba mgongoni, ingawa nilikwisha pita umri wa kubebwa, na njia nzima alikuwa akisema: "Wamekosea. Watu wa sinema hawajui kusoma." Nami nikalichukua neno hilo nikalifanya silaha. Kila penye mabishano nimesema kitabu ni bora kuliko sinema, sinema huharibu. Nimeyasema hayo mbele za wasomi wakatikisa vichwa kunikubali. Miaka yote hiyo nilivipenda vyote viwili, kimoja nikikisifu na kingine nikikisingizia.

Alikufa. Fa, kubwa, nyeusi, haikufubaa. Nilidhani mpiga chapa ameteleza. Nikaikaribisha karatasi puani. Halikuwa kosa la chapa. Ilikuwa hadithi.

*

Nikapita. Usiniulize mlango uko wapi. Ukurasa ulikuwa mweupe, nao upana wake ulikuwa upana wa shuka, na upepo uliusukuma kuelekea kwangu. Nikajikuta upande wa wenyewe. Mvua ilikuwa ikinyesha mahali pamoja tu, palipokusudiwa. Miguu yangu ilikuwa midogo. Saa ya mkononi ilikuwa mkono wa kulia na mishale yake ikirudi ilikotoka, bila pupa, na mbuzi mweupe alikuwa akitafuna kona ya anga.

Mbele yangu palikuwa na nyumba, na mlangoni Bibi. Mguu mmoja ameunyanyua juu ya kizingiti, mdomo wazi nusu, mkono umeshika mwimo. Hakuwa amesimama wala hakuwa ameanguka. Mbele yake wasichana wawili waliking'ang'ania kijinga kimoja, na ncha yake ilikuwa nyekundu kidogo tu, ikififia.

Mmoja nilimjua kwa mwanya na nguo zilizolowa. Mashavu wa Sinema. Wa pili hakuwa na uso wake mwenyewe, kwa kuwa mwandishi hakuueleza. Huvaa uso wa anayesoma. Siku hiyo alivaa wangu, ule wa mapengo.

"'Umechelewa,' alisema Mashavu kwa huzuni, huku akipangusa maji usoni," alisema Mashavu wa Kitabu. Ndivyo asemavyo. Hawezi kutoa neno bila kueleza namna analolitoa.

"Tunaanza tena?" aliuliza wa Sinema. "Nisimame wapi?"

"Simama hapohapo," nikamwambia. "Mnagombea nini?"

"Hatugombei," alisema wa Sinema. "Tumeshika wote kisianguke. Kinazimika."

"Kila msomaji anapofika hapa," alisema wa Kitabu, "Bibi husimama hivyo mpaka neno litamkwe. 'Litamke upesi,' alisihi Mashavu, sauti ikimtetemeka. Ukichelewa moto unazimika, na njia yote ya mabonde inakuwa bure. Kivuli changu nilichokitoa, bure."

Na Bibi mwenyewe, bila kugeuza shingo, akasema, "Semeni basi, jamani. Mguu unaniuma."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana sauti ile naijua. Ilikuwa na pumzi fupi fupi.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachoulizwa. Kule upande wa pili mwanamke alinisubiri nimalize sentensi, mwanamke ambaye mwenyewe alikuwa ameunyanyua mguu juu ya kizingiti. Nimsomee fa, nimwambie masikioni kile ambacho nyumba nzima ilikuwa ikimficha kwa supu? Au nimsomee wa, niwe mwongo mbele ya kitabu alichokiomba nisimrukie hata mstari? Wasomi wangu hawakunifundisha hilo. Walinifundisha kwamba maandishi ni maandishi.

Nikaketi chini kwenye tope lile la sinema ambalo halichafui, nikawaza. Ajabu ya lugha yetu. Kuwa na kufa imeyajenga ukuta kwa ukuta, nyumba mbili zinazopakana, na kati yake imeweka herufi moja. Ukikohoa kule unasikika huku. Wenye lugha nyingine huenda maneno hayo wameyaweka mbali, mtu apate safari. Sisi tumeamua kuwa jirani. Hata hodi tunapobisha hatujui ni mlango upi utakaofunguka. Sasa iondoe ile herufi kabisa, ubomoe ukuta, uone kinachobaki: kua. Mtoto hukua mle, katika uwazi ule, kati ya alikuwa na alikufa. Wengine husukumwa upande mmoja mapema mno. Wengine huwekewa mkono ukutani na mtu mzima, herufi ikashikiliwa isianguke mpaka mtoto apate mifupa.

"Wewe kwako imeandikwa nini?" nilimwuliza Mashavu wa Kitabu.

Akanionyesha kiganja. Kule maandishi ni kinyume, lakini fa ilionekana hata ilipogeuka.

"Ndivyo nilivyopigwa chapa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakujieleza. "Kila nyumba nikifika na moto namkuta amekufa. Nyumba zote, Sikujua. Nakimbia mabonde yaleyale, najua, na bado nakimbia. Isipokuwa nyumba moja. Kwenu. Kwenu nilikuwa nikipinda kona namkuta yupo, amesimama, ananiuliza mbona nimelowa. Sijui yule mama alifanyaje. Nilikuwa nikitamani afike mwisho haraka."

Moto ulikuwa punje.

"Na mimi?" alisema Mashavu wa Sinema. "Miaka yote unanisema vibaya. Nilisema uongo?"

"Hukusema."

"Nilikuona. Uko nyuma ya shuka, mdogo, umekunja magoti. Mimi nalia kwa kuwa niliambiwa nilie. Wewe hukuambiwa. Yule hakuwa bibi yako. Ulimlilia nani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Siku ya mazishi ya mamangu nilikaa kwenye mkeka nikihesabu maua ya kanga za watu, na wanawake wakasema mtoto huyu haelewi. Niliendelea kutoelewa kwa ustadi mkubwa. Mpaka bibi wa shuka alipoegemeza kichwa kwenye mwimo, na msichana mwenye mwanya akaita mara ya pili, na mara ya pili ile ndiyo iliyonivunja, kwa sababu nami nilikuwa nimeita mara moja tu.

"Mamangu," nilimjibu. "Nilimlilia mamangu. Ulinifungulia wewe."

Nikawashukuru wote wawili, kwa sauti, pale mvuani. Yule wa kitabu kwa kunipa mlango wenye mtu, nikakaa nao mpaka nikawa na nguvu. Yule wa sinema kwa kunipa machozi ambayo hakuna aliyekuwa amenipa. Sikuona tena haja ya kuwapambanisha, kipi bora, kipi kimeharibu kingine. Walikuwa wameshika ukuni mmoja muda wote.

Wakaniachia kijinga. Nilipokipokea kilikuwa katika mkono wangu wa kushoto, na mbuzi akanisukuma kwa kichwa kuelekea kwenye ukurasa.

*

"...alikuwa mlangoni, akimngoja," nilisoma. "Mashavu akaingia, akawasha jiko."

Nikafunga kitabu.

Tumbo la Mama Mdogo likaanza kutikisika chini ya shuka, nikadhani ni maumivu, kumbe ni kicheko.

"Mwongo wewe," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Umekawia. Neno lililoandikwa halimkawizi mtu. Mimi pia nilikawia siku ile ya kwanza, mpaka ukaniuliza, Mama, umepotea mstari?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilikuwa naona wakati huo, mwanangu. Fa ile ilikuwa kubwa kama jamvi." Akapumzika, akavuta pumzi mbili tatu. "Mamako arobaini yake haijasomwa. Wewe umenikalia hapa mapajani, unanitazama mdomo. Ningeisoma vipi? Nilikuwa sina kitu cha kukupa, Sikujua. Mume sina, nyumba ya kupanga, na mtoto ambaye sikumzaa ananitazama mdomo. Nikakupa herufi."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi, ngozi na pete.

"Ahsante, Mama," nikasema. Nilijaribu kuongeza jambo, la maana, la mtu aliyesoma. Likaja lilelile. "Ahsante."

"Na sinema nilijua itakuwaje. Jirani yetu mmoja alikwisha iona huko alikokwenda msibani, akanisimulia yote, na mbuzi wake."

"Halafu ukanipeleka?"

"Ulikuwa hujalia. Tangu tumzike mamako hujadondosha hata chozi, unatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nikasema, basi na alie kwa ajili ya kitu. Ila nilichelewa makusudi. Udi wote ule, unadhani ulikuwa wa nani? Nilitaka tukae nyuma. Nilisema, ukweli ukimjia kwa kinyume hautamchoma sana."

"Lakini njia nzima ulikuwa unasema wamekosea."

"Niliogopa." Alisema hivyo tu, na uso wake ukawa wa mwanamke kijana. "Ulilia mno. Nikaogopa, nikarudi kwenye uongo wangu. Wale watu wa sinema walisoma vizuri sana. Waombee."

Nje mtu alikuwa akifagia ua, ufagio ukaenda, ukarudi. Mama Mdogo akafumba macho yale yasiyoona.

"Sasa nisomee cha kwao," alisema. "Kama kilivyoandikwa."

"Mama."

"Soma, mwanangu. Mimi si mtoto wa kung'oka meno. Nilikwambia usinirukie."

Nikafungua kitabu tena. Sikuhitaji kutazama, lakini nilitazama, kwa heshima.

"Bibi alikufa mlangoni, akimngoja," nilisoma. Sauti ilitoka nzima. Sikujua kwamba ingetoka nzima. "Mashavu akaingia, akawasha jiko."

Utotoni sentensi hiyo ya pili niliiona fupi mno, ya mwandishi aliyechoka. Sasa nilisikia alichokiandika: kwamba aliingia hata hivyo.

"Ehee," alisema Mama Mdogo, na akapapasa mpaka akaupata uso wangu, akaupitishia kiganja mara moja, kutoka paji mpaka kidevu. "Umekua."

Tukakaa. Sijui ni muda gani. Ule wa saa zinazorudi nyuma au huu wetu. Nilipoinuka, kitanda kilipiga kelele, naye akageuza kichwa upesi upande wa sauti.

"Mbona unasimama? Tayari? Mwenzetu, umekuja kuomba moto?"

"Ndiyo, Mama," nilimjibu. "Nimekuja kuomba moto."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi kawashe jiko, tunywe chai."

Nikaingia, nikawasha jiko.